Kuacha ugali ili kupunguza uzito

Mama mmoja aliletwa zahanati na mwanawe akiwa amelowa jasho, anatetemeka na maneno yanamkwama. Tulipompima, sukari yake ilikuwa 2.4, na chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Baada ya kupewa glukosi na kupata nafuu, akatueleza. Ana kisukari, anameza glibenklamaidi asubuhi na jioni. Siku nne kabla, jirani alimshauri aache ugali, wali, mkate na ndizi, ale nyama, mayai, samaki na mafuta tu, naye atapungua. Akaacha wanga, vidonge akaendelea navyo kama kawaida. "Nilidhani nafanya jambo jema, daktari," alisema.

Vidonge vya aina hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hakula. Insulini ikimwagika na wanga haupo, sukari huporomoka. Katika mwezi wa Ramadhani wengi wetu tunafahamu kwamba mgonjwa wa kisukari haanzi kufunga kabla ya kuzungumza na tabibu kuhusu dozi yake. Kuacha wanga kunahitaji tahadhari hiyo hiyo.

Je, ulaji huu unapunguza uzito? Ndiyo, unapunguza, wala si jambo jipya. Mwaka 1863 mtayarishaji wa mazishi wa London, William Banting, alitoa kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, akaueneza kwa kitabu chake. Siku hizi unasambaa kwa simu.

Kinachowavutia watu ni wiki ya kwanza, maana mizani hushuka upesi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji, na siku utakayorudi kwenye wali nayo yatarudi.

Mafuta ya mwilini hupungua pale tu kalori zinazoingia zinapokuwa chache kuliko zinazotumika. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia vina kiasi hicho hicho. Aliyeacha ugali wa unga huo kisha akaongeza vijiko vitatu kwenye nyama hajapunguza kitu. Hapa ndipo wengi wanapokwama mwezi wa pili, wakaanza kusema wamerogwa!

Wanaofanikiwa hufanikiwa kwa kuwa protini inashibisha, na kwa sababu pamoja na ugali wameacha soda, maandazi na chai yenye sukari vijiko vinne. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotolewa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitaalamu haikuhesabika. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na kuepuka sukari na unga uliokobolewa.

Wapo wanaokataza hata maharage. Mimi sioni sababu, yana protini na nyuzinyuzi, na bei yake familia inaimudu kuliko nyama ya kila siku. Ugali wa ukubwa wa ngumi, mchicha nusu sahani, dagaa au maharage, mafuta ya kupimwa kwa kijiko: huo unatosha kumpunguza mtu taratibu.

Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo wasiache wanga kwa ushauri wa jirani. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi aje kwanza apangiwe dozi, wala asiache dawa mwenyewe. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo, lakini naye amjulishe tabibu.

Ukimwona mgonjwa wa kisukari anatoka jasho jembamba, anatetemeka au anaongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudia, kisha ale chakula. Aliyezimia asiwekewe chochote mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Na anayetumia glibenklamaidi apelekwe hata akizinduka, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku akiwa amelala.