Fraksio: 11/4 na 2 3/4 ni maziwa yale yale



Wengi hapa Muheto wanaogopa fraksio. Sisi pia tuliziogopa, mpaka siku ile maziwa yalipopotea ndani ya daftari.

Mama wa mmoja wetu alikuwa anauzisha maziwa kwa mtengenezaji wa fromaji. Kila asubuhi alipima vikombe 11, kila kikombe robo lita. Mtoto ndiye aliandika. Alihesabu: 11 kugawanya kwa 4 ni 2, inabaki 3. Sawa kabisa! Halafu akaandika lita 2,3. Siku 20 aliandika hivyo, na mama akalipwa hivyo.

Kosa liko wapi? Ile 3 iliyobaki si sehemu za kumi, ni vikombe vitatu, ni kusema robo tatu. Basi ni lita 2 3/4, yaani 2,75. Kila siku ilipotea lita 0,45. Kwa siku 20 ni lita 9, na lita kama 10 zinatoa kilo moja ya fromaji. Mama hakugombana, lakini sisi tulisikia haya.

Sasa angalieni. Namba ya chini inasema kitu kizima kimekatwa vipande vingapi, ya juu inasema tumechukua vingapi. 3/4 haifiki moja. 11/4 imepita moja, kwa sababu ya juu ni kubwa. 2 3/4 ni namba ya mchanganyiko: lita nzima pamoja na kipande. Anayepima na kikombe anasema 11/4, anayelipa kwa lita anasema 2 3/4.

Kurudi nyuma ni rahisi: 2 mara 4 ni 8, ongeza 3, ni 11. Ya chini inabaki 4. Wengine wanaibadilisha nayo. Hapana, kikombe ni kile kile.

Ukitaka kuandika na mkato, zidisha juu na chini kwa 25: 3/4 ni 75/100, ni 0,75. Lakini 1/3 inakataa. Inatoa 0,333… na haimaliziki. Hiyo uiache fraksio tu.

Mazoezi:
Vikombe 19 vya robo lita ni lita ngapi?
Lita 3 1/2 zinajaza vikombe vingapi?
Geuza 17/5 iwe mchanganyiko, kisha uiandike na mkato.

Leteni majibu kwetu siku ya Ijumaa, kabla ya mpira.