Wilaya ya Maziwa Elfu: Somo la Nchi na Watu wa Otter Tail



Sharika zetu nyingi zalijua jina la Marekani kwa sababu ya wamisionari. Sinodi ya Augustana, iliyoanzishwa huko mwaka 1860 na watu waliohama Uswidi, ilianza kazi Iramba mwaka 1926. Tena Vita Kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa kazini, sinodi hiyohiyo ilisaidia kuitunza kazi waliyoiacha. Lakini wale waliotoa sadaka zilizotufikia walikaa katika nchi ya namna gani? Wengi wao walikuwa wakulima wa bara, katikati ya Marekani, mahali penye baridi kali na mashamba mapana.

Leo tutaitazama wilaya moja ya bara hiyo. Tutajifunza habari za nchi yake kwanza, kisha hesabu ya watu wake. Na katika hesabu hiyo limo jambo linalompasa kila mzee wa usharika kulifikiri. Mwenye ramani na aifungue.

1. Mahali pake na jina lake

Jimbo la Minnesota liko kaskazini ya Marekani, nalo limepakana na Kanada. Katika upande wake wa magharibi iko wilaya iitwayo Otter Tail, maana yake mkia wa fisi-maji. Jina hili lilitoka kwa Waojibwe, wenyeji wa zamani. Mahali ambapo mto waingia katika ziwa kubwa waliona fungu la mchanga, refu na jembamba, wakalifananisha na mkia wa mnyama yule. Wazungu walipofika walilifasiri jina hilo katika lugha yao, nalo limedumu hata leo kwa ziwa, kwa mto, na kwa wilaya nzima.

Ukubwa wa wilaya ni kama maili za mraba 2,225. Katika hizo, maili 250 na zaidi ni maji matupu, yaani zaidi ya sehemu moja katika kumi. Maziwa yake yapita 1,000. Lililo kubwa kuliko yote ni Ziwa Otter Tail lenyewe, lenye ekari 13,700 hivi, na kina chake chafika futi 120. Mengine ni madogo, hata mtu aweza kuyazunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

2. Maziwa haya yalifanyikaje?

Wataalamu wa mawe na udongo watueleza hivi. Zamani sana nchi ile yote ilifunikwa na barafu nene iliyoshuka polepole kutoka kaskazini. Barafu hiyo ilisukuma mbele yake mawe, changarawe na udongo, kama mtu asukumavyo takataka kwa ufagio. Ilipoanza kuyeyuka, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, iliyaacha marundo yale palepale, nayo ndiyo vilima tunavyoviona leo. Kilele kimoja, kiitwacho Inspiration Peak, kina futi 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kwetu sisi tuliozoea milima mirefu hicho ni kilima tu. Lakini mtu akisimama juu yake huona maziwa mengi pande zote.

Tena mapande makubwa ya barafu yalizikwa chini ya changarawe. Yalipoyeyuka, udongo wa juu yake ulididimia, yakabaki mashimo. Na mashimo yakajaa maji. Ndiyo sababu maziwa ni mengi hivi, wala hayakupangwa kwa safu.

Wakati wa baridi maji ya juu huganda yakawa magumu kama mwamba. Watu hutembea juu ya ziwa, na barafu ikiwa nene vya kutosha hata magari hupita. Wavuvi hutoboa tundu, wakakaa katika kibanda kidogo juu ya barafu, wakashusha ndoana ndani ya tundu lile. Chini yake samaki wa hai, maana barafu huelea, nayo huyafunika maji ya chini kama blanketi.

3. Mito inayoachana

Jambo moja katika nchi hii lastahili kukumbukwa. Mto Otter Tail hupita katika ziwa kubwa, ukaenda magharibi hata mji wa Breckenridge. Hapo hukutana na mto mwingine, na kwa pamoja huitwa Mto Red. Huo waelekea kaskazini, waingia Kanada na Ziwa Winnipeg, na mwisho maji yake hufika Ghuba ya Hudson yenye barafu. Lakini karibu sana na Ziwa Otter Tail, upande wa mashariki, yako Maziwa ya Leaf. Maji yake hushuka kwa Mto Leaf, kisha Mto Crow Wing, kisha Mto Mississippi, yakaishia katika Ghuba ya Mexico yenye joto.

Basi mvua moja ikinyesha juu ya kilima kimoja, matone yake huachana: haya kwa bahari ya baridi, na yale kwa bahari ya joto. Watu wa kale walijua siri hii. Walitoka katika maji ya upande mmoja, wakabeba mitumbwi yao mabegani kwa mwendo mfupi, wakaitia katika maji ya upande wa pili. Ndiyo iliyokuwa njia ya wafanya biashara ya ngozi za wanyama.

4. Watu wa kwanza, na wageni waliofuata

Wadakota na Waojibwe ndio waliokaa huko tangu zamani, wakivua, wakiwinda, na kuvuna mchele wa mwitu unaoota ndani ya maji. Mara nyingine walipigana wao kwa wao. Ziwa Battle, yaani Ziwa la Vita, lilipata jina lake kwa ajili ya mapigano hayo. Kwa mapatano ya mwaka 1851 Wadakota, na kwa yale ya mwaka 1855 Waojibwe, walitoa sehemu kubwa za nchi ya Minnesota mikononi mwa serikali. Malipo yalikuwa madogo kwa nchi iliyotolewa. Mwaka 1867 Waojibwe wengi walitengewa nchi iitwayo White Earth, iliyo upande wa kaskazini. Msomaji asipite haraka mahali hapa. Mashamba tutakayoyasoma sasa yalikuwa na wenyewe kwanza.

Mwaka 1862 ilitolewa sheria ya kumpa kila mtu ekari 160 za shamba, akikaa juu yake miaka mitano na kulilima. Habari hiyo ilifika Ulaya. Katika Norwei mashamba yalikuwa membamba na watoto wengi. Kwa muda wa miaka mia, tangu 1825, watu kama 800,000 waliiacha nchi ile wakavuka bahari. Wanorwei wengi walikuja Otter Tail, pamoja na Waswidi na Wajerumani. Na Wafini walikaa upande wa mashariki, karibu na New York Mills. Reli ilipofika katika miaka ya 1870, watu walimiminika. Walijenga nyumba, kisha kanisa, wakamwabudu Mungu kwa lugha waliyokuja nayo. Mwaka 1889 kilijengwa kinu cha Phelps kando ya Mto Otter Tail, ambacho jengo lake lasimama hata leo; na wakulima walipeleka ngano yao huko kusagwa kwa nguvu za maji.

5. Hesabu ya watu

Serikali ya Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi. Hizi ndizo hesabu za Otter Tail katika miaka mingine:

Mwaka 1870: watu 1,968
Mwaka 1880: watu 18,675
Mwaka 1900: watu 45,375
Mwaka 1940: watu 53,192
Mwaka 1970: watu 46,097
Mwaka 2000: watu 57,159
Mwaka 2020: watu 60,081

Tuzitazame polepole. Katika miaka kumi ya kwanza watu waliongezeka karibu mara kumi. Waliendelea kuongezeka hata mwaka 1940. Kisha, kwa muda wa miaka thelathini, wilaya ilipungukiwa na watu zaidi ya 7,000. Kwa nini? Haikuwa njaa wala tauni. Trekta lilikuja, na mtu mmoja aliweza kulima mahali palipohitaji watu wengi na farasi wengi. Shamba la ekari 160 halikutosha tena. Jirani alinunua shamba la jirani, na vijana walikwenda mijini kutafuta kazi.

Baada ya mwaka 1970 hesabu ilipanda tena, na mwaka 2020 ilipita zote zilizotangulia. Mtu asomaye mstari ule wa mwisho peke yake atasema, Heri wilaya hii, na makanisa yake lazima yamejaa. Lakini ajue kwanza hao walioongezeka wanakaa wapi. Wengi hawakurudi mashambani. Wengine wamejenga nyumba kando ya maziwa, na katika hao wako wazee waliomaliza kazi yao mijini. Karibu robo ya watu wa wilaya wamepita miaka 65. Wengine wamekaa mijini, kama Fergus Falls, mji mkuu wa wilaya, wenye watu 14,119 kwa hesabu ya 2020. Na wakati wa joto wageni wenye nyumba za ziwani huja kwa maelfu, nao hawamo katika hesabu hiyo, maana huhesabiwa kwao.

Kwa hiyo kanisa lililojengwa mwaka 1880 katikati ya mashamba, ili watu walifikie kwa miguu au kwa gari la farasi, laweza kuwa na viti vitupu katika wilaya yenye watu wengi kuliko wakati wo wote. Hesabu ya jumla ni ya kweli, lakini yaweza kumficha mtu.

6. Wageni wa siku hizi

Kaskazini ya wilaya uko mji mdogo, Pelican Rapids, wenye watu wapatao 2,500. Kipo kiwanda cha kuchinja bata mzinga, na kazi hiyo imewavuta watu wa mbali: Wavietinamu, Wabosnia, Wameksiko, na Wasomali. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, watu wengi walikimbilia Kenya, na katika mwaka huohuo zilifunguliwa kambi za Dadaab. Katika Wasomali waliofika Minnesota, wengi walipitia kambi za Kenya kwanza. Hivi watu waliokunywa maji ya nchi jirani yetu watembea leo juu ya theluji ya Otter Tail. Wengi wao ni Waislamu. Watoto wao husoma pamoja na wajukuu wa Wanorwei.

Wako waliowapokea kwa moyo, na wako walionung'unika, kama ilivyo kila mahali wageni wafikapo. Chama cha Kilutheri cha huduma katika Minnesota kimekuwa miongoni mwa vyama vilivyosaidia wakimbizi kupata makao. Hao wenye kupokea walikuwa na sababu njema ya kukumbuka: babu zao nao walishuka melini bila kujua lugha ya nchi, wakakaa katika nchi ambayo haikuwa yao.

7. Somo letu

Katika Biblia twasoma habari za hesabu mbili. Musa alihesabu watu kwa agizo la Mungu, apate kuwapanga kwa kabila na nyumba zao. Daudi alihesabu watu kwa kujivunia wingi wao, ikawa msiba kwa taifa. Tena Bwana wetu alitoa mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia. Mchungaji yule hakuridhika na tisini na tisa, ingawa ni wengi, bali alimtafuta mmoja aliyekosekana. Asingalimkosa kama hakuwa amewahesabu.

Nasi kila mwaka twaandika katika kitabu cha usharika: waliobatizwa ni kadha, waliobarikiwa kipaimara ni kadha, jumla ni kadha. Twapeleka hesabu kwa wakuu wetu, na jumla ikiwa kubwa kuliko ya mwaka jana twafurahi. Lakini Otter Tail yatufundisha kuuliza maneno matatu zaidi. Hawa watu wanakaa wapi sasa? Umri wao ni gani? Nao wametoka wapi? Usharika uwezao kujibu utajua kwamba vijana wake ishirini wamo mjini, wala hakuna aliyewaandikia barua. Utajua kwamba wajane wanne hawawezi tena kupanda mlima siku ya Jumapili. Utajua kwamba jamaa moja imehamia karibu na kanisa tangu mavuno, na hakuna mzee aliyebisha hodi kwao.

Maswali ya kujifunza

1. Maziwa ya Otter Tail yalifanyikaje?
2. Maji ya Mto Otter Tail yafika bahari gani, na ya Mto Leaf bahari gani?
3. Kwa nini watu walipungua kati ya mwaka 1940 na 1970, na kwa nini wameongezeka tena?
4. Kanisa laweza kuwa na viti vitupu namna gani, hali watu wa wilaya wamezidi?
5. Wazee wa usharika na wakifungue kitabu chao wasome majina kumi ya kwanza. Kila mmoja katika kumi hao, yuko wapi leo?