Mtoto wa rafiki yako yuko ICU? Mpunguzie mama kazi

Rafiki yako, wifi yako au jirani yako amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto amelazwa wodi ya watoto njiti, kwenye uangalizi maalumu. Unataka kusaidia, hujui pa kuanzia. Anza hivi: mtue kila kazi unayoweza kuibeba, umwachie ile moja ya kuwa mama.

Mpe hongera. Wengi huishia kwenye "pole", utadhani hakuna aliyezaliwa. Mtoto wa gramu 1,200 ni mtoto. Kama ameshapewa jina, mtaje kwa jina lake. Kama familia inangoja kwanza atoke hospitali, sema "mwanao" na usihoji.

Kisha shughulikia simu. Kila anayepiga anauliza yaleyale: ana kilo ngapi, daktari kasemaje? Mwombe akufanye msemaji wake. Yeye anakueleza mara moja jioni, wewe unaandika kwenye group la familia. Meseji zako binafsi zimalizie na "usijibu, pumzika". Na kilo zisiulizwe kila siku. Watoto wachanga hupungua uzito siku za mwanzo, na njiti anaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kurudia uzito aliozaliwa nao. Kila ukiuliza, mama anajiona amefeli.

Chakula peleka bila kuuliza "nikuletee nini?" Aliyechoka atakujibu "usijali", nawe utarudi mikono mitupu. Sema: "Saa saba niko getini na mtori. Ukiwa ndani nitamwachia shemeji." Mtori, supu, uji wa pilipili manga, wali wa kushiba, vyote sawa. Vyombo ondoka navyo mwenyewe. Kumbuka huyu mama huenda anakamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kwa sababu mwanawe bado analishwa kwa mpira. Anahitaji kula na kunywa. "Yanatoka?" usimuulize. Hofu na uchovu huweza kuyachelewesha, na hilo analijua kuliko wewe.

Mara nyingi mama anaruhusiwa, mtoto anabaki. Hapo ndipo shida inapoanza. Kama alijifungua kwa upasuaji, bodaboda kwenye matuta ni adhabu. Changeni mpate chumba karibu na hospitali, au mlipeni dereva mmoja wa bajaji ampeleke na kumrudisha. Khanga za zawadi zitakuja baadaye. Nyumbani nako kuna sare za kufua, daftari za shule na luku inayokaribia kuisha. Hayo fanya kimyakimya.

Sasa ile kazi yake ya kuwa mama. Kinachowakata wazazi wengi ni kusimama pembeni ya inkubeta huku nesi akifanya kila kitu. Mpe swali la kuuliza kila zamu mpya ikiingia: "Sista, leo naweza kumfanyia nini mwenyewe?" Huenda ataonyeshwa kubadilisha nepi, au kumpa mtoto maziwa kwa mpira. Huenda ataambiwa aweke viganja kichwani na miguuni, avitulize hapo. Avitulize, asipapase, njiti wengi husumbuka wakipapaswa.

Kubwa kuliko yote ni kangaroo: mtoto mwenye nepi na kofia tu, kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na njiti kuliko inkubeta ilizokuwa nazo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo, na ifanywe kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Wauguzi ndio watakaosema mtoto yuko tayari. Wewe mpelekee blauzi inayofunguka mbele na khanga safi.

Baba naye anaweza kubeba kangaroo, wodi ikiruhusu. Huyu bwana anasahaulika sana. Anakimbilia duka la dawa, analipa bili, anaulizwa "mama anaendeleaje?" kisha anaambiwa ajikaze. Mtoe nje mkanywe chai. Muulize yeye amelalaje.

Mnunulie mama daftari dogo. Usiku aandike maswali yake, raundi ya asubuhi ikipita ayasome. Alamu za mashine pia aulizie: ipi ya hatari, ipi ni waya tu umelegea. Akijua, atashtuka mara chache.

Chunga ulimi. "Ulikuwa unabeba ndoo?" hapana. "Utapata mwingine" hapana kabisa. Hata ile hadithi ya mtoto wa dada yako aliyezaliwa na gramu 900 na leo yuko chuo, ngoja uulizwe. Mwombee, ila usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe. Ukikosa maneno, sema "sina la kusema, ila nipo", ukae.

Kulia ni kawaida. Lakini akikosa usingizi hata pale mtoto anapoendelea vizuri, akakata tamaa, na hali ikafika wiki mbili, mpeleke akaonane na daktari. Akitaja kujidhuru, usingoje hata kesho, na usimwache peke yake. Bili zikiwazidi, mtafute ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kama ameajiriwa Tanzania, aulizie likizo yake kazini. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea muda mama wa njiti. Barua ya daktari ipeleke wewe.

Mtoto akiruhusiwa, usipotee. Nyumbani hakuna mashine ya kumwambia mama kwamba mtoto anapumua, na usiku wa kwanza huwa mrefu. Jitolee kukesha naye. Ukiwa na mafua, baki kwako. Na usiulize mbona hajakaa: aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, akifikisha miezi sita, mhesabie minne.