Njia ya urithi kando ya maji ya Meru: maswali na majibu

Vikundi vya utalii na kamati za mitaa jijini Arusha huuliza mara kwa mara jinsi ya kuanzisha njia ya matembezi ya urithi kandokando ya mito na mifereji. Haya ni majibu ya maswali makuu.

Arusha kuna urithi gani wa maji?
Mito ya Themi na Naura hutelemka kutoka Mlima Meru, hupita katikati ya jiji na kumwaga maji katika mto Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani hadi baharini. Mlimani, Wameru na Waarusha walikuwa wakimwagilia migomba kwa mifereji ya kuchimba kwa mikono kabla ya Wajerumani kujenga Boma, ngome yao mjini, mwaka 1900. Ukitaka kuona ufundi huu ni wa kale kiasi gani katika mkoa huu, nenda Engaruka, wilayani Monduli, kwenye magofu ya mifereji iliyoachwa karne kadhaa zilizopita.

Njia ipite wapi?
Ianzie juu, kwenye mifereji inayotumika, kwa mfano Ng'iresi, kijiji kilichozoea kupokea wageni tangu miaka ya 1990. Ifuate Themi hadi mjini, ipite Boma na Mnara wa Saa, iishie Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ndani ya jengo hilo chama cha TANU kilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio hilo.

Nani asimulie?
Wanaosafisha mfereji. Mzee wa mfereji anajua nani aliuchimba, zamu za maji hupangwaje na asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mfereji, hutozwa nini. Kijana wa mjini aliyesomea uongozaji atafsiri na kulinda muda, lakini asimpokonye mzee neno. Na Boma lisisimuliwe kwa sifa za mawe yake tu: wenyeji walitumikishwa kwa nguvu kulijenga.

Fedha zigawanywe vipi?
Mkubaliane kabla mgeni wa kwanza hajafika. Msimulizi, mpishi na mwongozaji walipwe siku hiyohiyo. Ada ya kijiji iingie kwenye akaunti ya kijiji na isomwe mkutanoni. Sehemu itengwe kwa ajili ya mfereji wenyewe: banio, yaani pale maji yanapoingizwa mferejini, likibomoka na mvua za masika, njia nayo imekufa.

Tunaweza kujenga vibanda mtoni?
Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tumieni vijia vilivyopo, na vibanda vikae nje ya eneo hilo. Zungumzeni mapema na Bodi ya Maji Bonde la Pangani pamoja na Jiji.

Na uchafu wa mto je?
Msiufiche. Mgeni aliyeona maji meupe mlimani ataona mwenyewe yanavyobadilika mjini, na hapo ndipo mazungumzo kati ya watu wa juu na wa chini yanapopata maana. Wote wawe kwenye kamati moja.

Hatua ya kwanza?
Tembeeni na wazee mara mbili, kiangazi na masika. Andikeni majina ya mabanio, vivuko na miti. Ulizeni pia mahali ambapo mgeni hapaswi kufika, na mpaache nje ya ramani. Mabango ya njia yasubiri hadi kila kaya inayopitiwa na njia iwe imekubali.