Mzee Asinyimwe Kazi ya Miguu Yake

Katika nyumba nyingi za Kenya, mzee akiinuka kwenda kufunga mbuzi au kuchota maji, sauti husikika mara moja: “Babu, keti tu, nitakwenda mimi.” Neno hilo ni la adabu, na mtoto alisemaye amelelewa vema. Lakini likirudiwa kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka, laweza kumdhuru yule yule linayetaka kumheshimu.

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua polepole baada ya umri wa miaka 30 hivi, na akipita 60 upungufu huo huenda mbio zaidi. Hauwezi kuzuiliwa wote, ila kukaa bure huuharakisha mno. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walieleza habari za wazee wachache wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Siku 10 tu! Hapo yafaa kumfikiria mzee anayekalishwa kitini kwa miaka 10.

Moyo nao hutaka kazi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi wake juu ya watu wa mabasi ya London. Dereva alikaa saa zote za kazi; kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tikiti. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Wako wasemao kwamba aliyekwisha dhoofika amechelewa. Sivyo. Mwaka 1990 zilitolewa habari za wakazi 10 wa nyumba ya wazee mjini Boston, wenye umri wa miaka 86 mpaka 96, waliofundishwa kuinua uzito kwa miguu. Baada ya majuma 8, nguvu za miguu ya wale waliomaliza mafunzo ziliongezeka zaidi ya maradufu, na wawili wakaacha kutembelea mikongojo.

Mama mzee ambaye bado hupanda na kushuka miteremko ya Murang'a akichuma chai hahitaji kuambiwa atembee. (Kumbebesha mzigo mkubwa wa kuni mgongoni ni jambo jingine, huko ni kumtesa.) Anayehitaji zaidi ni mstaafu wa ofisini, ambaye siku yake huanzia kitini na kuishia kitini. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilitaka wazee wapate mwendo wa dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Nusu saa kwa siku 5 hutimiza kiasi cha chini, na kulima au kufagia uwanja huhesabiwa pia. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba.

Asiyezoea na aanze kwa dakika 10, asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha aongeze kidogo kila juma. Avae viatu vilivyoshika kisigino, wala si ndara. Anywe maji hata kama hana kiu, kwa sababu kiu ya mzee huchelewa kumwonya. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa shinikizo la damu au wa sukari amwulize daktari kwanza. Na kifua kikimbana au kichwa kikimzunguka, asimame papo hapo, aketi, apelekwe hospitali.

Kutembea peke yake hakutoshi. Walau mara 2 kwa juma mzee aitie miguu nguvu: aketi juu ya kiti kigumu, ainuke pasipo kushika kitu, aketi tena, hata mara 10 akiweza. Kwa siku 3 za juma ajizoeze kusimama imara, kwa mguu mmoja kisha wa pili, mkono ukiwa karibu na ukuta. Zoezi hili huonekana la kitoto, na wengi huliona haya. Lakini mzee akianguka huweza kuvunjika nyonga, na wengi waliovunjika hivyo hawakurudia tena kutembea kama zamani. Wakati wa mvua, njia zinapoteleza, mazoezi haya yote yaweza kufanywa barazani.

Basi mjukuu akimwona babu anainuka jioni, na ainuke pamoja naye. Ndoo iliyojaa aibebe yeye, na kamba ya mbuzi amwachie babu.