Sola ya Paa Lako Ina Thamani Gani Saa Mbili Usiku?

Komredi, tuanze na swali la darasani. Nyumba moja ina paneli za sola za kilowati 5 juu ya paa. Je, nyumba hiyo imeiongezea gridi ya taifa uwezo wa kilowati ngapi?

Wengi tutajibu upesi: tano. Jibu hilo si sahihi, na gharama yake tunailipa sote kila tunaponunua tokeni. Mimi nasomea ualimu wa hisabati na fizikia, si uhandisi wa umeme, lakini hesabu ya jambo hili haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Ukimaliza makala haya utaweza kukokotoa mwenyewe thamani ya paneli na betri za mteja kama uwezo wa gridi, na utaweza kuuliza kwa nini mwenye paa analipwa jinsi anavyolipwa.

Nishati si uwezo

Nishati hupimwa kwa kilowati-saa, ndizo zile uniti tunazonunua. Uwezo hupimwa kwa kilowati au megawati: ni kiasi cha stima ambacho mfumo unaweza kutoa kwa wakati mmoja.

Fikiria mesi ya chuo. Sahani zote zinazouzwa kutwa nzima ni jambo moja. Idadi ya wanafunzi wanaoweza kuhudumiwa saa saba mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, ni jambo jingine kabisa. Mesi inaweza kuwa na chakula tele saa tisa na bado ikawa imetuangusha saa saba. Gridi nayo ni hivyo hivyo. Haijengwi kwa ajili ya wastani wa siku, inajengwa kwa ajili ya saa ya foleni.

Kenya saa hiyo inajulikana. Ni jioni, kuanzia kama saa moja hadi saa nne usiku, watu wamerudi nyumbani, taa zimewaka, pasi zina moto na televisheni ziko kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Baada ya usiku wa manane mahitaji hushuka hadi karibu nusu, kiasi kwamba mvuke wa Olkaria wakati mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Mwishoni mwa 2024 serikali ilikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo yanazimiwa stima kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Sasa jiulize: nchi ambayo usiku wa manane ina stima ya ziada, na saa mbili usiku haina ya kutosha, imepungukiwa na nini? Imepungukiwa na uwezo wa saa ya foleni.

Jua letu huzama mapema

Hapa ndipo paneli zinapotuachia swali. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua letu huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Kilele kinapofika saa mbili usiku, paneli ya kilowati 5 inatoa sifuri. Chuo Kikuu cha Strathmore kilikuwa cha kwanza kati ya vyuo vyetu kusifika kwa sola, kilipoweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Ni nishati nyingi, na ni mafuta mengi ambayo hayakuchomwa mchana. Lakini saa mbili usiku, paneli zenyewe, za Strathmore au za Garissa, hazina la kusema.

Kwa hivyo jibu la swali letu la kwanza ni sifuri. Paneli peke yake imeongeza nishati, haijaongeza uwezo wa jioni. Anayehesabu kila paneli kama mtambo mdogo wa umeme anajidanganya, na anayezipuuza kabisa kwa sababu hiyo hiyo naye anajidanganya, kwani kuna kifaa kinachobadilisha hesabu yote: betri.

Hesabu ya betri, hatua kwa hatua

Tuiongezee nyumba yetu betri ya kilowati-saa 10 na inveta ya kilowati 5. Twende taratibu.

Hatua ya kwanza: nishati inayotumika. Betri haimalizwi hadi tone la mwisho. Tuchukue asilimia 90, yaani kilowati-saa 9.

Hatua ya pili: gawanya kwa muda wa kilele. Kilele cha saa tatu kikitakiwa kuhimiliwa chote, 9 ÷ 3 = kilowati 3. Angalia vizuri: inveta ni ya 5, paneli ni za 5, lakini uwezo wa kutegemewa ni 3. Kilele kikiwa cha saa nne, unashuka hadi 2.25. Na kama jibu la kugawanya lingezidi ukubwa wa inveta, basi inveta ndiyo ingekuwa kikomo.

Hatua ya tatu: akiba ya mwenyewe. Mtu hanunui betri ili stima ikipotea abaki gizani. Akijiwekea kilowati-saa 3 za dharura, zinabaki 6. Gawanya kwa 3, unapata kilowati 2.

Hatua ya nne: mahudhurio. Sisi walimu tunajua orodha ya darasa si sawa na waliofika darasani. Tuseme kampuni ya umeme ikituma wito, betri nane kati ya kumi ndizo zinazoitikia. Kilowati 2 × 0.8 = 1.6.

Hatua ya tano: upotevu wa njiani. Hatua hii inaongeza badala ya kupunguza. Stima inayotoka kwenye mtambo wa mbali hupotea kiasi fulani kwenye nyaya na transfoma. Tukikadiria asilimia 10, ili kilowati 1.6 zifike mtaani, mtambo ungelazimika kutoa 1.6 ÷ 0.9, yaani karibu kilowati 1.78. Betri tayari iko mtaani, kwa hivyo inastahili kuhesabiwa hivyo.

Nyumba 10,000 za namna hii ni kama megawati 18 za jioni. Si mzaha. Zimepatikana bila kutafuta ardhi na bila kusubiri nguzo mpya za msongo mkubwa.

Sasa tuiweke kwenye shilingi. Mitambo ya mafuta, kama ile ya Kipevu kule Mombasa, inahitajika zaidi saa za foleni. Mikataba ya wazalishaji binafsi ina malipo ya uwezo, yaani mtambo hulipwa kwa kuwa tayari, hata siku ambayo haukuwashwa. Kwa zoezi letu tuchukulie malipo hayo ni shilingi 15,000 kwa kilowati kwa mwaka. Nyumba yetu ina thamani ya 1.78 × 15,000 = shilingi 26,700 kwa mwaka kama uwezo tu, mbali na nishati yenyewe. Mwenye nyumba akilipwa 18,000, zile 8,700 zinazobaki ni nafuu kwa wateja wengine wote.

Sheria yetu inahesabu nini?

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo wa hadi megawati 1 kuingiza stima yake ya ziada kwenye gridi. Kanuni zilizofuata mwaka 2024 zikaweka bei: kwa kila uniti unayoingiza, unahesabiwa nusu uniti kwenye bili yako.

Ni hatua nzuri, lakini isome kwa jicho la hesabu yetu. Uniti ya saa nane mchana inalipwa nusu, na uniti ya saa mbili usiku nayo inalipwa nusu. Kanuni hii inapima nishati na kufumbia macho uwezo. Mwenye betri hana sababu yoyote ya kuihifadhi stima yake hadi saa ambayo taifa linaihitaji. Atafanya nini? Ataitumia kwa nyumba yake tu. Nyumba ya kawaida jioni huenda ikatumia nusu kilowati, basi zile 1.5 nyingine zinabaki zimelala kwenye betri, huku mtaa wa pili umezimwa kwa zamu.

Wenzetu waliojaribu

Jimbo la Vermont kule Marekani lina kampuni ya umeme iitwayo Green Mountain Power. Katika eneo la New England, mchango wa kila kampuni katika gharama za uwezo hutegemea mzigo wake katika saa moja tu ya mwaka, ile ya kilele. Kampuni hiyo ikaona: kwa nini tusitumie betri za wateja kupunguza mzigo saa hiyo? Ilianza na betri za Powerwall majumbani, na wakati wa joto kali la Julai 2018 ilitangaza kuokoa takribani dola 500,000.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi ilivyopanga malipo kwa mteja anayeleta betri yake mwenyewe: dola 850 kwa kila kilowati atakayoitoa kwa saa tatu, dola 950 akiweza saa nne, na dola 100 zaidi kwa kilowati akiwa katika eneo ambalo laini zimelemewa. Linganisha na hatua zetu. Muda umehesabiwa, mahali pamehesabiwa, na anayelipwa ni yule anayeitikia wito. Hakuna aliyelipwa kwa ukubwa wa paneli zake.

Na sisi tusio na paa?

Najua unachofikiria, komredi. Hosteli si yako, bedsita ni ya landilodi, hiyo betri utaiweka wapi? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wenye paneli wakilipwa kupita kiasi, sisi wapangaji ndio tutakaofidia kupitia tokeni. Wakilipwa pungufu ya thamani yao, betri zitalala, mitambo ya mafuta itawashwa, na tozo ya mafuta itarudi kwenye tokeni zile zile. Kwa vyovyote vile, asiye na paa ndiye anayelipia hesabu mbaya. Ndiyo maana hesabu hii si ya matajiri wa mitaa ya ua na lango peke yao.

Tahadhari moja. Thamani hii haidumu ilivyo. Betri zikiwa nyingi, kilele kinasawazika na kuwa kirefu zaidi, na betri ya saa tatu haitoshi tena. Betri ya kwanza mtaani ina thamani kuliko ya elfu hamsini. Kwa hivyo bei ya uwezo inafaa kukaguliwa kila baada ya muda, kama tunavyorekebisha mtaala.

Maswali ya kujadili

1. Betri ina kilowati-saa 15 zinazotumika, inveta ni ya kilowati 4, na kilele ni cha saa tatu. Uwezo wake ni upi? (Angalia inveta kabla ya kujibu.)

2. Nyumba haina paneli, ina betri pekee, na inaichaji saa tisa usiku wakati mvuke wa Olkaria hauna mtumiaji. Je, ilipwe malipo ya uwezo sawa na yenye paneli? Toa sababu.

3. Chuo chako kina mapaa mangapi, na mahitaji yake ya saa mbili usiku ni kilowati ngapi? Nenda ofisi ya matengenezo uulize. Ukipewa namba hizo, una kila kitu unachohitaji kufanya hatua tano za hapo juu.

Swali la tatu ndilo zito. Umoja wa wanafunzi unaweza kulipeleka mbele ya wasimamizi wa chuo likiwa na namba, badala ya kwenda pale kila mara stima inapopotea tukiwa na vuvuzela.