Desturi na Kuwatunza Wazee

Kila kabila la watu lina upendo wa wazazi na watoto, walakini upendo huo hauonyeshwi kwa njia moja kila mahali. Mtu huzaliwa na moyo wa kupenda. Bali ni nani amtunze mzee, na kwa sababu gani, hayo hufundishwa na desturi. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Tuwatazame kwanza Wachaga, wakaao katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Shamba lao la migomba na kahawa, lililoizunguka nyumba, huitwa kihamba. Kwa desturi yao, mwana wa kiume aliyezaliwa mwisho alibaki nyumbani kwa baba yake. Nyumba ile ilikuwa urithi wake, na kuwatunza wazazi hata mwisho wao kulikuwa wajibu wake. Hivyo desturi ilifunga mambo mawili kwa kamba moja, urithi na utunzaji, na mtoto alijua mahali pake tangu utoto.

Twende sasa pwani, kwa Waswahili. Huko mtoto hufundishwa kutafuta radhi ya wazazi wake. Huambiwa kwamba aliyewaudhi wazazi hafanikiwi, hata akiwa na mali nyingi. Basi huyu hasukumwi na shamba. Husukumwa na tamaa ya kupata baraka na hofu ya kuikosa.

Hata mbali, ng'ambo ya bahari, mambo ni yayo hayo. Katika nchi ya Japani, kwa desturi ya zamani, wazee walikaa kwa mwana wa kwanza. Lakini kazi yenyewe ya kuwalisha na kuwaogesha ilimwangukia mke wake. Wazee walipozidi kuwa wengi na jamaa za nyumbani kupungua, mzigo ule ukawashinda wanawake wengi. Ndipo mwaka 1997 ikatungwa sheria, nayo ikaanza kutumika mwaka 2000: kila mtu aliyetimiza miaka 40 hutoa mchango wa fedha, na mzee asiyejiweza hupata watu wa kumsaidia.

Katika habari hizi twajifunza mambo mawili. La kwanza, desturi njema ni nguzo, maana humfanya mtu atende wema hata siku ambayo amechoka. La pili, desturi yaweza kumwelemea mmoja na kuwaacha wengine wakistarehe. Je, katika vijiji vyetu hatumwoni msichana aliyezuiliwa asiende shule ili amtunze bibi mgonjwa, na ndugu zake wa kiume wamekwenda darasani? Bibi astahili kutunzwa. Lakini msichana naye astahili kusoma. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumtunzi mzee. Kaka akiteka maji asubuhi, na mjomba akileta kuni, na aliye mjini akituma fedha ya dawa, dada atakwenda shule na bibi hatalala njaa.

Serikali nazo zimeanza kusaidia. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, wazee waliotimiza miaka 70 hupewa pensheni kila mwezi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake na Serikali pia. Hayo ni mema sana. Walakini fedha hununua unga. Haiwezi kuketi karibu na mzee jioni na kusikiliza maneno yake. Kazi hiyo ni yetu.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba wadogo zenu wawatazama. Mnavyowatendea wazee leo ndiyo desturi watakayoishika kesho.

MASWALI
1. Kwa nini mwana wa mwisho wa Mchaga aliwatunza wazazi wake?
2. Radhi ya wazazi ni nini?
3. Kwa nini Wajapani walitunga sheria mpya?
4. Nyumbani kwenu kazi ya kumtunza mzee hufanywa na nani? Wewe waweza kumpunguzia kazi gani?